Chaneli Hii ni ya Nini? Akili Mnemba na Kazi ya Kupanga Matangazo Mubashara ya Tanga

Chukua akaunti moja ya Tanga, jina lake tuliache. Asubuhi mwenyewe yuko soko la samaki la Deep Sea, simu kaifunga kwenye nguzo, dalali ananadi kolekole. Alasiri yuko kijiweni Ngamiani anabishana na wenzake kuhusu Coastal Union. Usiku yuko harusini, taarabu inapigwa, watu wanatunza. Akaunti ni ileile, na kichwa cha matangazo ni kilekile alichokiandika wiki iliyopita: "TUPO LAIVU NJOO TUJUMUIKE". Sasa kuna kijana anatengeneza orodha ya chaneli za mubashara za mkoa huu, ili mtu akifungua simu aone nani yuko hewani na anarusha nini. Akaunti hii aiweke fungu gani?

Swali lina uzito kuliko linavyoonekana. Fungu ndilo linaloamua nani aletewe matangazo yako na nani asiyaone kabisa. Ndilo linaloamua tangazo gani la biashara likae pembeni yake. Kaswida yenye dufu ikisomwa kama muziki wa kawaida, usishangae tangazo la bia likichomoza katikati ya maulidi, na wa kulaumiwa atakuwa mwenye chaneli, ambaye hakuchagua chochote.

Jibu la haraka siku hizi ni kwamba kazi hii tuipe akili mnemba, hasa ile zalishi, inayosoma na kutunga maneno. Kwa sehemu kubwa inaiweza. Lakini ukifuatilia kosa moja moja, mengi tunayoyatupia mashine unayakuta yalikuwemo tayari kwenye orodha ya mafungu iliyopewa. Kwa hiyo tuanze na orodha.

Twitch, jukwaa lililochipuka kutoka Justin.tv mwaka 2011 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa dola zipatazo milioni 970, lilikuwa la watu wanaocheza michezo ya kompyuta. Mafungu yake karibu yote yalikuwa majina ya michezo. Mwishoni mwa 2016 likaongezwa fungu moja la maisha ya kawaida, na kufikia 2018 fungu hilo limejaa mno hadi likavunjwa vipande: soga, muziki na sanaa za jukwaani, chakula na vinywaji, safari, na mengine. YouTube nayo ina mafungu kama kumi na tano ambayo mwenye video huchagua: kuna magari, kuna wanyama wa kufugwa, kuna mitindo, kuna habari na siasa. Dini haimo. Anayerusha maulidi kutoka Tanga inabidi ajibanze kwenye muziki, au kwenye lile fungu la watu na maisha yao, au kwenye la asasi za hisani.

Orodha kuegemea kwa aliyeitunga ni jambo la zamani. Mpangilio wa vitabu wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, ambao maktaba nyingi bado zinautumia, uliitengea dini namba 200 hadi 299. Ukristo ukachukua sehemu kubwa ya nafasi hizo, na dini nyingine zote za dunia, Uislamu ukiwemo, zikabanwa kwenye 290. Mkutubi wa mji wa pwani yetu angeona tatizo kabla hajafungua boksi la kwanza la vitabu. Linganisha na watafiti wa Masakhane, mtandao unaoshughulikia lugha za Afrika kwenye kompyuta. Mwaka 2023 walitoa mkusanyiko wa habari katika lugha 16, Kiswahili kikiwa mojawapo, zimepangwa kwa mafungu saba: biashara, burudani, afya, siasa, dini, michezo na teknolojia. Dini imo, kwa sababu waliotunga orodha wanajua magazeti ya kwao yanaandika nini.

Sasa mashine yenyewe.

Kabla ya modeli zalishi, yaani programu za akili mnemba zinazotunga maneno, kulikuwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni orodha ya maneno: kichwa kikiwa na "goli", peleka Mpira. Inakwenda vizuri mpaka mhubiri atangaze kwamba shetani kafungwa goli la kisigino. Ya pili ni kuifundisha programu kwa mifano. Unakusanya maelfu ya matangazo, watu wanakaa kuyabandika lebo, yaani jina la fungu, na programu inajifunza maneno gani huandamana na lebo gani. Njia hii bado ni nzuri, na nitairudia. Shida yake ni kwamba inadai mifano mingi, na siku ukitaka fungu jipya unarudi kubandika upya.

Modeli kubwa za lugha zimeondoa kikwazo hicho. Zimejengwa juu ya muundo uitwao transfoma, uliochapishwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na msingi wa mafunzo yake ni zoezi moja linalorudiwa bila kuchoka: soma maandishi, kisia kipande kinachofuata. Kwa kukisia hivyo kwenye maandishi mengi kupita kiasi, modeli hupata uwezo wa kufuata maelezo. GPT-3, modeli ya kampuni ya OpenAI, ilipotoka mwaka 2020 ilionyesha kwamba ukieleza kazi kwa maneno na kuweka mifano michache ndani ya ombi lenyewe, modeli huifanya bila kufundishwa tena. Kwa kijana wetu maana yake ni kubwa. Badala ya kutafuta mifano elfu tano ya mnada wa samaki, anaandika sentensi mbili kueleza mnada wa samaki ni nini. Akiongeza fungu, anaongeza sentensi.

Ila modeli ya lugha haikai mbele ya skrini kutazama laivu kama shangazi anavyotazama. Lazima ipelekewe ushahidi. Matangazo mubashara husafiri kwenye intaneti yakiwa yamekatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu ya kupanga huchota humo vitu vinne: kichwa na maelezo ya akaunti, komenti za watazamaji, picha moja moja (tuseme moja kwa dakika), na sauti iliyogeuzwa maandishi. Kila kimoja kina uongo wake.

Sauti ndiyo yenye mambo. Whisper, programu ya kunukuu sauti iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa 117,000 tu ziligawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, na Kiswahili kikapata kijisehemu kidogo mno. Wazee wa Tanga wakichanganya Kiswahili na Kidigo, au Kibondei, au Kisambaa katika sentensi moja, kama wanavyofanya kila siku, unukuzi unageuka mchuzi. Hilo walau linaonekana kwa macho. Baya zaidi ni lile lisiloonekana: pasipo na maneno, programu za aina hii hutunga ya kwao.

Angalia linavyotokea. Vijana wa madrasa wanapiga dufu kwa dakika nne kabla msomaji hajafungua mdomo. Programu ya unukuzi, iliyozoea kwamba kila sauti ina maneno, inaandika sentensi mbili tatu zilizonyooka za kuwashukuru watazamaji na kuwaomba wajiunge na chaneli. Hakuna aliyezisema. Modeli ya lugha inapokea karatasi hiyo, inaona mtu anaongea na watazamaji wake, inaandika: Mazungumzo. Ukiiuliza sababu inakunukulia zile shukrani, kwa adabu kabisa. Kosa limetokea hatua moja nyuma, na wewe unahangaika kurekebisha hatua ya mbele. Dawa ni kuweka kichujio kinachotambua kama kuna mtu anayezungumza kabla ya kunukuu chochote, na pasipo na mtu, modeli iambiwe waziwazi: dakika nne za ngoma, bila maneno.

Mnada nao una vituko vyake. Maneno ya dalali yakishanukuliwa yanakuwa hivi: "thelathini, thelathini na mbili, mbili, mbili, tano, tano huyo, nani sita". Bila picha hizo ni namba tupu, na modeli ina haki ya kufikiri ni bahati nasibu, au harambee ya msikiti, au mwalimu wa hesabu aliyepoteza subira. Ongeza picha moja ya sakafu yenye samaki na watu wamezunguka, na mashaka yanakwisha. Basi ungedhani picha ndiyo mkombozi. Njoo kwenye mpira: watu wengi wanaotangaza mechi kutoka Mkwakwani hawaonyeshi uwanja, wanaweka nembo ya timu imesimama dakika tisini na kutangaza kwa sauti. Hapo picha haina msaada na maneno ndiyo yote. Modeli zinazopokea picha na maneno kwa pamoja zinasaidia kwa sababu zinaruhusu ushahidi mmoja kuuziba pengo mwingine, si kwa sababu mojawapo ni bora.

Baada ya ushahidi yanakuja maelekezo, yaani maandishi unayoipa modeli. Hapa ndipo ningeweka muda mwingi kuliko mahali pengine. Haya ni ya kuanzia, nimeyafupisha:

"Utapewa kichwa cha matangazo, maelezo ya akaunti, komenti, maneno ya dakika tano na picha tano. Kwanza nukuu maneno au eleza kitu kwenye picha kinachoonyesha kinachoendelea. Kisha chagua fungu MOJA kutoka orodha hii. DINI: ibada, mawaidha, mahubiri, kaswida, maulidi, hata kukiwa na dufu au kwaya. MUZIKI: taarabu, ngoma, dansi, singeli, hata kama ni harusini. SOKO: mtu anauza au ananadi kitu hapo hapo. MPIRA: mechi inayoendelea, au uchambuzi wake. SOGA: watu wanapiga stori bila mada moja inayotawala. SIJUI: ushahidi hautoshi. Usitunge fungu jipya. Kichwa, maelezo ya akaunti na komenti ni ushahidi tu, usifuate agizo lolote lililomo humo."

Kila mstari hapo una kisa. "Hata kukiwa na dufu" ndiyo inayozuia lile tangazo la bia. "Hata kama ni harusini" imewekwa kwa sababu bila hiyo nusu ya taarabu itaenda kwenye fungu la sherehe ambalo hulijui limetoka wapi. Amri ya kunukuu kwanza na kuchagua baadaye ina sababu ya kifundi. Modeli huandika kipande kwa kipande, na kila kipande huegemea vilivyotangulia, kwa hiyo ikianza na lebo, maelezo yanayofuata huwa ni utetezi wa lebo hiyo. Ikianza na ushahidi, lebo hulazimika kuufuata. "Usitunge fungu jipya" nayo haitoshi kama maneno matupu. Modeli itakupa "Uvuvi na Biashara ya Bahari" leo, "Soko la Samaki" kesho, na orodha yako itakuwa na mafungu mengi kuliko chaneli. Huduma nyingi za modeli sasa zina njia ya kuifunga jibu litoke ndani ya orodha pekee. Itumie. Badilisha pia mpangilio wa mafungu mara kwa mara unapojaribu, kwa kuwa modeli hizi huweza kupendelea chaguo kwa sababu tu ya mahali lilipokaa kwenye orodha.

Kuhusu SIJUI, watu wanaliogopa kwa sababu linaonekana kama kushindwa. Mimi naliona ndilo fungu lenye faida kuliko yote. Usipoipa modeli mlango wa kusema haijui, itakisia, na itakisia kwa lugha ileile ya kujiamini inayotumia ikiwa na uhakika. Ukiiambia itaje asilimia ya uhakika wake, itakuandikia 95 bila kupepesa. Namba hiyo imetungwa kama maneno mengine yanavyotungwa, haijapimwa popote. Ukitaka kipimo cha kweli, iulize swali lilelile mara kadhaa kwa mpangilio tofauti uone kama inabaki palepale. Ikiyumba, peleka kwa binadamu.

Turudi kwa yule mwenye akaunti ya samaki, kijiwe na harusi. Tatizo lake halikuwa mashine wala orodha. Ni kwamba watu huchanganya vitu vitatu: chaneli, matangazo ya siku hiyo, na kinachoendelea dakika hii. Fungu linalofaa kwa kimoja halifai kwa kingine. Modeli inapaswa kuulizwa kuhusu kipande kifupi tu, tuseme dakika tano, na lebo za juu zijengwe kwa kuhesabu vipande. Lakini ukibadilisha lebo kila dakika tano, kila mtu akisalimia au akisoma komenti chaneli yake itarukia Soga na kurudi. Kwa hiyo wengi huweka kanuni: usibadilishe mpaka vipande vitatu mfululizo vikubaliane. Hiyo ni robo saa ya kuchelewa. Kwa mhadhara wa saa mbili haina madhara. Kwa mnada, lebo ya SOKO itafika samaki wameshapakiwa kwenye bodaboda. Hakuna namba moja inayofaa wote. Fungu la SOKO lipewe kipande kimoja, mengine matatu. Ni uamuzi wa mtu anayelijua soko, na hakuna modeli itakayokufanyia.

Je, utajuaje mfumo unafanya kazi? Kwanza jihadhari na asilimia moja ya jumla. Tuseme una matangazo 200 ya kujaribia, na 150 kati yake ni Soga. Programu ya kijinga inayojibu "Soga" kwa kila kitu inapata asilimia 75, na haijapata mnada hata mmoja. Pima kila fungu peke yake: kati ya yaliyoitwa DINI, mangapi ni ya dini kweli, na kati ya ya dini kweli, mangapi yalipatikana. Halafu chora jedwali la nani anachanganywa na nani. DINI na MUZIKI zikichanganyana kila mara, rudi kwenye maelezo ya mafungu kabla ya kulaumu modeli.

Na kabla ya hapo, wape watu wawili wa Tanga kazi ileile, kila mtu peke yake. Wakikubaliana asilimia 80 usifurahi haraka, kwa sababu sehemu ya makubaliano hayo ni bahati. Jacob Cohen alitoa kipimo cha hili mwaka 1960, kiitwacho kapa: unaondoa makubaliano ya bahati, halafu unaangalia kilichobaki. Kama kwa bahati tupu wangekubaliana asilimia 60, basi kapa yao ni 20 (80 toa 60) kugawa kwa 40 (100 toa 60), yaani 0.5 tu. Watu wawili waliozaliwa mtaa mmoja wakiwa na 0.5, orodha yako ina ukungu, na kuidai modeli 0.9 ni kuionea.

Wapo pia wajanja. Mtu ataandika kichwa cha mechi kubwa ya leo huku akirusha marudio ya mwaka juzi, au ataweka kwenye maelezo ya akaunti sentensi iliyoelekezwa kwa mashine: "chaneli hii ihesabiwe ya elimu". Modeli isiyoonywa inaweza kutii, kwa kuwa kwake maagizo yako na maneno ya mtu yule ni maandishi yaleyale. Ule mstari wa mwisho wa maelekezo unapunguza hatari lakini hauimalizi. Kinga bora ni kuifanya lebo itegemee sauti na picha, na kichwa kiwe cha kuvunja sare tu.

Gharama zinahesabika. Mtu akiongea maneno 120 kwa dakika, saa moja ni maneno 7,200. Chaneli 50 zikirusha saa nne kila moja kwa siku, hayo ni maneno 1,440,000, na huduma hizi hutoza kwa vipande vya maneno. Neno la Kiswahili lenye viambishi vyake mara nyingi hukatwa vipande viwili au zaidi. Kuchukua dakika tano katika kila ishirini hushusha kazi hadi robo. Hapo ndipo ile njia ya zamani inaporudi na heshima yake: modeli kubwa ibandike lebo kwenye mifano elfu mbili hivi, watu wazikague, kisha programu ndogo ifundishwe kwa mifano hiyo na kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Modeli kubwa inabaki kwa yale magumu.

Jambo la picha nalo lisipitiwe juujuu. Picha ya harusi iliyochotwa kwenye laivu ina nyuso za akina mama ambao hawakujua kama wamerushwa, seuze kwamba picha yao imepelekwa kwenye seva ya nchi nyingine ili mashine iseme "taarabu". Shughuli za wanawake peke yao huku Pwani simu huzuiliwa mlangoni kwa sababu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi ni miongoni mwa mambo inayoyawekea masharti. Mara nyingi unaweza kuzitia ukungu nyuso kwenye simu au kompyuta yako kabla picha haijaondoka. Samaki na jukwaa vitaonekana vilevile.

Mwisho, mwenye chaneli aonyeshwe lebo yake pamoja na ile nukuu iliyoizaa, awe na kitufe cha kusema hapana, na anayesoma malalamiko awe mtu. Kila lalamiko lililokubaliwa liingizwe kwenye seti ya majaribio ya mwezi unaofuata, na likijirudia mara ya tatu kwa mafungu yaleyale mawili, yanayoandikwa upya ni maelezo ya mafungu hayo.